Kaya, Hima na Ngitili: Nani Mwenye Katazo?

Mzee wa kaya wa Kimijikenda, khalifa wa Madina wa karne ya 7 na mfugaji wa Kisukuma wa Shinyanga wana jambo moja linalowaunganisha: kila mmoja alitenga ardhi akaiwekea katazo. Hapa hapakatwi mti. Hapa hapachungwi mpaka wakati wake. Siku hizi makatazo hayo hutiwa kapu moja na kuitwa hekima ya jadi ya kuhifadhi mazingira. Sifa hiyo si ya uongo, ila inaficha mengi. Hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya mazingira, na kila moja lilikuwa na mwenyewe: mizimu, sheria, au njaa ya ng'ombe. Ukitaka kujua kwa nini katazo moja lilidumu na jingine likavunjwa, muulizie kwanza mwenyewe.

Kaya za Mijikenda, zilizotawanyika kutoka Kwale hadi Kilifi, zilikuwa miji iliyofichwa ndani ya msitu. Watu walihamia mashambani taratibu, na kufikia miaka ya 1940 nyingi zilikuwa mahame. Yaliyobaki ni makaburi, mahali pa baraza la wazee, na fingo, kinga iliyofukiwa ardhini. Msitu ulisimama kwa sababu ya hayo. Anayekata mti wa kaya anawakosea wahenga, na kosa lake huweza kuleta maradhi nyumbani au ukame kwa wote, mpaka atoe mnyama wa kutakasa. Waingereza walijua nguvu ilikokaa: mwaka 1914, walipotaka kuvunja upinzani wa Wagiriama ambao Mekatilili wa Menza alikuwa sauti yake, walilipua kaya yao, Kaya Fungo, kwa baruti.

Sayansi ilifika huko baadaye, ikiwa shahidi. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walipozikagua kaya, walikuta mimea adimu ndani ya misitu midogo iliyozungukwa na mashamba. Katika miaka ya 1990 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, mzimu humtisha anayeuamini. Haumzuii mnunuzi wa viwanja vya ufukweni, na haukuwazuia wezi waliong'oa vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee, hata vingi vikaishia kwenye majumba ya makumbusho ya Marekani.

Hima, malisho yaliyotengwa ya Uarabuni, ilianza kwa ubabe. Kabla ya Uislamu, mkuu mwenye nguvu alijitwalia malisho mazuri na kuwafukuza wengine. Mtume Muhammad alilifuta hilo: hima ikabaki kwa manufaa ya umma tu, kama ile ya an-Naqi' karibu na Madina iliyotengewa farasi wa jeshi. Lakini aliyeipa hima sura yake ya haki ni khalifa Umar ibn al-Khattab. Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, anasimulia kwamba alipomweka Hunayy kusimamia hima, alimwagiza awaruhusu wenye mifugo michache na awazuie matajiri wawili wakubwa, Ibn Awf na Ibn Affan. Hoja yake ilikuwa ya hesabu. Mifugo ya tajiri ikifa, atarudi kwenye mitende na mashamba yake. Mifugo ya maskini ikifa, atakuja na watoto wake kuomba msaada, na nyasi ni rahisi kuliko dhahabu na fedha za hazina. Umar alikuwa amekwisha kukadiria gharama ya njaa.

Sheria nayo humhitaji msimamizi. Saudi Arabia ilipoondoa mamlaka ya makabila juu ya hima katika miaka ya 1950, malisho yalifunguliwa kwa kila mtu na mengi yakachakaa. Kinyume chake kilionekana Pemba, katika kisiwa cha Misali, ambako wavuvi hupiga dago, kambi zao za muda, na ambako inasimuliwa kwamba Nabii Khidhri aliswali. Kisiwa kilitangazwa hifadhi mwaka 1998. Maelezo ya wataalamu kwamba uvuvi wa baruti unaua matumbawe hayakutosha. Mashekhe walipoanza kusomesha kwamba bahari ni amana na kuiharibu ni ufisadi, jambo lilihama kutoka kwenye faini hadi kwenye dhamira. Sayansi ilitoa sababu, dini ikatoa wajibu, na moja bila ya nyingine haikutosha.

Ngitili haina mzimu wala aya. Msukuma hufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, akaifungua kiangazi kinapokaza na nyasi zimekwisha kwingine. Mlinzi wake ni haja, na dagashida, mkutano wa hadhara wa kijiji, humtoza faini anayeivunja. Huku sayansi haikuja kama shahidi. Ilikuja na shoka. Chini ya Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o Tanganyika kabla ya Vita Kuu ya Pili, maelfu ya watu walifyeka pori la Shinyanga ili kumwondoa mdudu anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Kwa kipimo cha afya, kazi ile ilikuwa na mantiki. Kikafuata kilimo cha pamba, kisha vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 vilivyowahamisha watu mbali na ngitili zao. Kufikia miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 kwa vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Uligeuka ulipowauliza wafugaji wenyewe walichokuwa wakifanya zamani. Ngitili zilizohesabiwa mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Kuni, asali, matunda na dawa vilirudi karibu na nyumba, na mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni akapumua. Lakini haja pia ina upofu wake: asiye na ardhi hana cha kufunga, na mwenye kundi kubwa hufaidi zaidi.

Tukiziweka tatu pamoja, kila moja inaonyesha pengo la mwenzake. Kaya inajua kulinda bila askari, ila hailindi dhidi ya mgeni. Ngitili inaeleweka na yeyote mwenye tumbo, ila haimuulizi maskini anakula wapi. Hima ya Umar inamuuliza, lakini inategemea kumpata Hunayy mwaminifu.

Somo hili si la jumba la makumbusho. Gazi, huko Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukilinda hekta 117 za mikoko kwa kuuza hewa ya ukaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na mapato yake yameleta maji na vifaa vya shule. Hilo ni katazo la aina ya nne: sehemu ya nguvu yake inatoka kwa mnunuzi aliye ng'ambo. Mnunuzi hana mzimu wala kiangazi kinachomsubiri, na bei ikishuka anaweza kuondoka. Kwa hiyo swali la kuuliza kila mradi wa namna hii halihusu tani za kaboni peke yake. Tuulize ni nani kijijini atakayelishikilia katazo hilo fedha zikikauka, na kama mwenye mbuzi watatu ameruhusiwa kuingia kabla ya mwenye ng'ombe mia.