The Flame Trees of Thika

The Flame Trees of Thika ni kitabu cha Elspeth Huxley kilichotolewa mwaka 1959 na kampuni ya Chatto & Windus ya London. Kinasimulia maisha ya familia ya walowezi waliofungua shamba la kahawa Thika, Kenya, kuanzia mwaka 1913 hadi walipotawanywa na Vita Kuu ya Kwanza. Mwandishi alikiita kumbukumbu za utotoni, lakini amebadilisha majina ya watu na kuyajenga upya mazungumzo aliyoyasikia akiwa na miaka sita au saba. Kwa sababu hiyo wasomaji wengi hukipokea kama riwaya ya kihistoria, na penzi lililomo ndani yake ndilo linalokumbukwa zaidi.

Mwandishi

Elspeth Josceline Grant alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Baba yake, Josceline Grant, alikuwa wa ukoo wa Kiskoti. Mama yake, Nellie, alitoka katika jamaa tajiri ya Grosvenor. Wazazi walitangulia Afrika Mashariki mwaka 1912 na binti akawafuata mwaka uliofuata. Baadaye alisomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Reading na kile cha Cornell, Marekani. Mwaka 1931 aliolewa na Gervas Huxley, binamu wa mwandishi Aldous Huxley. Kitabu chake cha kwanza kilichovuma, White Man's Country (1935), kilimsifu Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, na kuwatetea walowezi waziwazi. Alifariki tarehe 10 Januari 1997.

Hadithi

Baba wa hadithini, Robin, ananunua ekari 500 ndani ya baa ya Hoteli ya Norfolk, Nairobi, kabla hajaiona ardhi yenyewe. Yeye, mkewe Tilly na binti yao wanasafiri kwa mkokoteni wa ng'ombe kuelekea kaskazini, kwenye njia ambayo leo hupita Ruiru na Juja. Wanachokikuta ni nyasi, kupe na joto. Nyumba ya nyasi inajengwa na mafundi wa Kikuyu, mibuni inapandwa, na faida inasubiriwa kwa miaka, kwa kuwa mbuni hauzai kabla ya mwaka wa tatu au wa nne.

Majirani ndio utamu wa kitabu. Yupo Bi. Nimmo, muuguzi wa Kiskoti anayeachwa peke yake shambani mumewe anapokwenda kuwinda ndovu. Yupo Kaburu, Roos, na Alec Wilson, aliyekuwa karani kabla ya kuwa mkulima. Juu ya wote wapo Kapteni Hereward Palmer na mkewe Lettice, mwanamke mrembo asiyefaa kabisa kwa maisha ya porini, ambaye moyo wake unamwendea kijana Ian Crawfurd. Penzi hilo linaonwa na mtoto asiyelielewa: anaripoti mtazamo, ukimya wa mezani, zawadi ya farasi mdogo, na msomaji ndiye anayeunganisha. Hapa Huxley ana ustadi ambao waandishi wengi wa mapenzi hawakuufikia.

Kwa upande wa Waafrika wapo Sammy, mnyapara mwenye damu ya Kimaasai. Njombo, Mkikuyu anayedhoofika karibu kufa akiamini amerogwa. Juma, mpishi Mswahili. Na chifu Kupanya. Wamechorwa kwa upendo na kwa jicho kali, lakini wanaonekana wanapofika shambani kwa Mzungu tu. Wakirudi kwao, hadithi haiwafuati.

Vita

Habari za vita zinafika Agosti 1914. Wanaume wanashindana kujiandikisha, wengine wakija na farasi na bunduki zao wenyewe. Ian anaondoka kwenda vitani na hauoni mwisho wake. Binti anapelekwa Molo, nyanda za juu zenye baridi, kukaa kwa kaka yake Ian. Kitabu kinafungwa mama na mwana wakiondoka nchini kwa treni.

Namna vita hivyo vilivyowapata Wakikuyu inapata nafasi ndogo kitabuni. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria, na jina la mtaa wa Kariokor wa Nairobi, linalotokana na Carrier Corps (kikosi cha wapagazi), ni kumbukumbu yao. Mwaka 1915, vita vikiendelea, sheria ya ardhi iliwaongezea walowezi muda wa kukodi mashamba kutoka miaka 99 hadi 999. Anayetaka kulijua pengo hili asome Weep Not, Child (1964) cha Ngũgĩ wa Thiong'o, ambamo mzee Ngotho anarudi kutoka vita hivyohivyo na kukuta ardhi ya baba zake ina mwenyewe mwingine.

Ni haki kusema kwamba Huxley alikuwa amekwisha kujaribu upande huo wa Waafrika. Red Strangers (1939) ni riwaya yake ya familia ya Kikuyu tangu kabla ya Wazungu, na huenda ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Mchapishaji Harold Macmillan, baadaye Waziri Mkuu wa Uingereza, alitaka aondoe sehemu ya tohara ya wasichana. Huxley alikataa akaupeleka mswada kwingine.

Runinga

Mwaka 1981 kampuni ya Thames ya Uingereza ilitoa tamthilia ya sehemu saba iliyopigwa picha Kenya. Hayley Mills aliigiza Tilly, David Robb akawa Robin, Holly Aird akawa Elspeth, Sharon Maughan akawa Lettice na Ben Cross akawa Ian. Mick Chege aliigiza Njombo. Mwongozaji alikuwa Roy Ward Baker. Ni tamthilia hii iliyoutangaza mji wa Thika ng'ambo kuliko kiwanda chake chochote.

Muendelezo

The Mottled Lizard (1962) unaanzia familia inaporudi baada ya vita.

Thika na Ruiru

Kati ya alama za Thika ya wakati huo, Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908 baina ya maporomoko ya Chania na Thika, bado ipo. Kahawa imepungua mno: mashamba mengi ya Ruiru yamegeuka mitaa ya nyumba, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012.