Kutoka tairi la Englebert mpaka tiketi ya pari: matangazo katika mpira wa Katanga

KIKULA, LIKASI – Siku ya mechi kubwa, vijana wa komini ya Kikula wanajipanga mapema mbele ya televisheni. Zamani swali la kwanza lilikuwa: nani anaanza leo? Siku hizi swali linalosikika mara nyingi ni lingine: umeweka franga ngapi? Kutoka swali la kwanza mpaka la pili kuna historia ya miaka zaidi ya 80. Inagusa Katanga kwa namna ya pekee, kwa sababu hapa klabu kubwa ilibeba jina la kampuni ya tairi na kushinda kombe la Afrika mara mbili kwa jina hilo.

Timu za mapadri na za reli

Mwaka 1939, mapadri Wabenedikto waliosimamia Institut Saint-Boniface ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waliunda timu ya wanafunzi wao. Waliiita Saint-Georges. Mwaka huohuo kukazaliwa Saint-Éloi, timu ya watu wa reli, ambayo wapenzi wake wanaijua kwa jina la Lupopo. Mtakatifu Éloi ni msimamizi wa mafundi wa chuma, kwa hiyo jina liliwafaa watu wa karakana.

Huku Jadotville, jina la zamani la Likasi, maisha yalifuata king'ora cha Union Minière. Kampuni ilijenga makambi, shule na hospitali, na viwanja vya mpira pia. Haikuwa zawadi ya bure. Padri alitaka kijana mwenye adabu. Kampuni ilitaka mfanyakazi mwenye afya, asiyelewa siku ya mungu, anayerudi kazini siku ya kwanza bila maneno.

Lakini watu waliuchukua mpira wakaufanya wao. Mzee aliyepigiwa kelele na kapita juma zima alikwenda uwanjani kupiga kelele zake mwenyewe. Ndiyo maana ni vizuri kusema tangu mwanzo: mpira wa Katanga haujawahi kuwa safi kabisa, bila mkono wa mtu mwenye faida yake. Swali ni lile ambalo kila mkono ulimwomba mpenzi wa mpira.

Jina la tairi

Mwaka 1944 Saint-Georges ikawa Saint-Paul. Miaka michache baadaye mapadri waliacha uongozi, na klabu ikapata mfadhili: Englebert, kampuni ya tairi yenye asili ya Liège, Ubelgiji. Klabu ikachukua jina hilo. Hapo tangazo halikuwa kwenye ukuta wa uwanja wala kifuani mwa mchezaji. Klabu yenyewe ilikuwa tangazo. Kila mtu aliyepiga kelele «Englebert!» alikuwa anaitangazia kampuni bila kulipwa.

Baada ya uhuru wa 1960 klabu ilijipanga upya, na sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, ikashikamana na jina lake. Mwaka 1966 ilichukua ubingwa wa taifa. Mwaka 1967 ilifika fainali ya kombe la klabu bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi mbili ziliisha 1-1 na 2-2, Kotoko hawakufika kwenye mechi ya tatu, na kombe likaja Kongo. Mwaka 1968 Englebert ililitetea kwa kuifunga Étoile Filante ya Lomé 5-0 nyumbani, kisha ikapoteza 4-1 ugenini, jumla 6-4. Mwaka huohuo, mjini Addis Ababa, timu ya taifa ilishinda kombe la Afrika kwa bao moja dhidi ya Ghana. Mfungaji alikuwa Pierre Kalala, mchezaji wa Englebert.

Jina la tairi liliharibu raha hiyo? Hakuna dalili. Sababu ni rahisi. Wengi wa waliokuwa uwanjani hawakuwa na gari. Tairi halikuwaomba kitu. Mtu alirudi nyumbani na furaha yake au huzuni yake, na franga zake zilikuwa bado mfukoni. Jina lilikuwa la kampuni, lakini ushindi ulikuwa wa watu.

Tangazo la serikali

Kisha akaja mtangazaji mkubwa kuliko wote: serikali ya Mobutu. Kwa siasa ya kurudia asili, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majina ya kizungu yalifutwa. Nchi ikawa Zaire, Katanga ikawa Shaba, na Englebert ikawa Mazembe. Mwaka 1974 Zaire ilishinda kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, hesabu ambayo hakuna aliyeifikia mpaka leo katika mashindano mamoja. Mwaka huohuo Leopards walikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, na mwezi wa kumi Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa.

Yote hayo yalikuwa matangazo ya utawala mmoja. Wachezaji walipewa sifa waliposhinda. Waliposhindwa kule Ujerumani, kwa 2-0, 9-0 na 3-0, waliachwa peke yao. Mpenzi wa mpira alijifunza jambo: anayelipa leo anaweza kesho kudai kwamba ushindi ni wake, na kwamba kushindwa ni kwa wengine.

Miaka ya stesheni

Wale wanaosoma habari hii mbali na Likasi wanajua sehemu inayofuata kuliko wengine. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanza kuanguka. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa nyumbani kwao. Hapa Likasi maelfu walilala stesheni na kuizunguka, wakingoja treni. Walizaliwa hapa, wamezika wazazi wao hapa, na walikuwa na timu yao hapa.

Timu haifungwi ndani ya valizi, lakini mtu anakwenda nayo. Mtoto aliyeondoka na jina la Mazembe au Lupopo moyoni aliweza kulitafuta kwenye redio akiwa Mbuji-Mayi au Kananga, hata kama jirani zake wapya walikuwa wa Sanga Balende. Ndivyo ilivyo pia kwa familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono miaka ya baadaye, na zile zilizotoka Goma na Bukavu mwaka 2025. Kwa mtu aliyepoteza nyumba, dakika 90 za kushangilia na wengine si jambo dogo. Ni moja ya vitu vichache ambavyo havihitaji shamba, karatasi wala paa.

Mwaka 1997 Moïse Katumbi alishika uongozi wa Mazembe, na fedha zikaanza kurudi. Klabu ilishinda Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 2010, kule Abu Dhabi, iliifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la klabu, ambako ilipoteza 3-0 mbele ya Inter Milan. Kipa Kidiaba akicheza kwa kurukaruka kwa makalio alionekana dunia nzima. Wakati huo kampuni za telefone nazo zilikuwa zimeingia uwanjani, na jina la Vodacom likakaa mbele ya ubingwa wa taifa. Mtu akiweka uniti, alipata angalau kumwita mama yake.

Tiketi ya pari

Biashara ya pari ni ya namna nyingine. Haimwombi mpenzi wa mpira anunue tairi, pombe au uniti. Inamwomba aweke franga juu ya mapenzi yake mwenyewe.

Afrika ya Mashariki iliingia mapema. SportPesa ya Kenya ilifadhili ligi kuu ya nchi hiyo, Gor Mahia na AFC Leopards. Mwaka 2017 ikaingia Tanzania kwa Simba na Yanga, na mwaka huohuo jina lake likawa kwenye mayo ya Everton ya Uingereza, timu iliyokuja kucheza Dar es Salaam na Gor Mahia. Mwaka 2019 kampuni ya 1xBet ilikuwa kati ya wafadhili wa kombe la Afrika. Kongo haikubaki nyuma: tangazo la pari liko barabarani, kwenye redio na ndani ya telefone.

Ni vizuri kufanya hesabu. Chukua mechi ambayo timu mbili zinalingana kabisa, kila moja ina nafasi nusu kwa nusu. Haki ni kwamba ukiweka franga 1000 na kushinda, upewe 2000. Kampuni inalipa, tuseme, 1900. Tofauti hiyo ndogo ndiyo mshahara wake. Kwa mechi moja mchezaji anapoteza, kwa wastani, franga 50 katika kila 1000. Lakini vijana wengi hawachezi mechi moja. Wanaunganisha mechi 10 katika tiketi moja, kwa sababu namba inayoonyeshwa chini ni kubwa. Hapo nafasi ya kupata zote 10 ni moja katika 1024, na kwa wastani franga kama 400 katika kila 1000 zinabaki kwa kampuni. Tangazo linaonyesha yule mmoja aliyeshinda. Wale wengine hawapigwi picha.

Hasara ya franga inajulikana: minerval ya mtoto, unga wa bukari, deni kwa jirani. Hasara nyingine inasemwa kidogo, nayo ni ya raha yenyewe. Mtu anaona Mazembe imeshinda 1-0, lakini anakaa kimya na uso umekunjamana kwa sababu alihitaji mabao matatu. Mwingine anaomba timu yake ifungwe. Mchezaji akikosa penalti, zamani alisamehewa siku iliyofuata. Leo anaitwa mwizi, na watu wanasema mechi iliuzwa, hata bila ushahidi wowote. Wale wawili waliokaa benchi moja na kushangilia pamoja sasa kila mmoja anatazama telefone yake, akifuatilia mechi za nchi ambazo hajui hata mji mmoja wake.

Mayo inayouma

Kuna tangazo lingine ambalo halina pari ndani yake, lakini limeharibu raha ya Wakongomani wengi. Tangu 2018 Arsenal ilivaa maneno «Visit Rwanda» kwenye mkono wa mayo. Paris Saint-Germain ilifuata mwaka 2019, na Bayern Munich mwaka 2023. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema Rwanda inaunga mkono M23, jambo ambalo Rwanda inakana. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, Goma ilipoanguka, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu hizo tatu akiomba ziachane na mkataba huo. Mwezi wa nane 2025 Bayern ilibadilisha wake ukawa wa kulea vijana, na baadaye Arsenal ikatangaza kwamba wake utakwisha na msimu. Serikali ya Kongo nayo ililipa: mwaka 2025 ilitia sahihi na Monaco, AC Milan na Barcelona. Watu wengi waliuliza kama franga hizo zisingefaa zaidi viwanja vya nyumbani na mishahara.

Mtoto aliyekimbia Goma hawezi kuitazama mayo hiyo kama anavyoitazama mtoto wa London. Hilo peke yake linaonyesha kwamba tangazo kifuani si rangi tupu.

Wengine walifanya nini

Uganda iliweka sheria mwaka 2016 kwamba asiye na miaka 25 hachezi pari. Kenya mwaka 2019 ilibana matangazo ya barabarani na ya watu maarufu, na mwezi wa nne 2025 ilisimamisha matangazo yote ya pari kwa siku 30. Uingereza, klabu za ligi kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa majina ya pari mbele ya mayo msimu wa 2025-2026 ukimalizika. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walihesabu ujumbe wa pari zaidi ya 29 000 katika mwisho wa juma wa kwanza wa msimu wa 2024. Jina likitoka kifuani linahamia ukutani, mkononi na kwenye telefone. Na ufadhili ukikatwa ghafla, klabu ndogo zinaumia: mwaka 2018, SportPesa ilipokasirikia kodi ya Kenya na kuondoa ufadhili wake, timu zilibaki bila mishahara ya uhakika.

Kwa hiyo hakuna dawa ya siku moja. Lakini historia ya hapa inatoa kipimo ambacho baba, mama au kiongozi wa timu ya mtaa anaweza kukitumia bila kungoja sheria ya Kinshasa. Mfadhili akifika na mipira na mayo, aulizwe: unamtaka mpenzi wa timu hii afanye nini baada ya mechi? Kama jibu ni kwamba mtoto wa Kikula aweke franga za chakula kwenye tiketi, timu inaweza kukataa. Mwenye sehemu ya kuonyesha mpira anaweza kumkataza mtoto asitumwe kuchukua tiketi. Walimu wanaweza kufundisha ile hesabu ya 1 katika 1024 darasani.

Timu za mitaa bado zinacheza kwenye vumbi la Likasi, na kutazama hakuhitaji tiketi ya pari. Jumapili mchana, anayepita kando ya uwanja anaweza kuuliza nani anacheza, akachagua upande, na akakaa.