Mchoro Unaotii Kanuni Yake

Mwaka 1963, katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, mwanafunzi wa uzamivu Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu kuhusu programu yake, Sketchpad. Alichora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta ya TX-2. Jipya zaidi lilikuwa hili: aliweza kuiamuru mistari miwili iwe sambamba, nayo ikabaki sambamba hata mchoro ulipobadilishwa.

Vekta, yaani viasi vyenye ukubwa na mwelekeo vinavyochorwa kama mishale, zilikuwa zimeingoja fursa hiyo kwa zaidi ya karne. William Rowan Hamilton wa Dublin alizipa jina katika miaka ya 1840, na Josiah Willard Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale akazipangia hesabu inayofundishwa hadi leo. Ubaoni, hata hivyo, mshale ukishachorwa umekwisha. Mwalimu akitaka kuonyesha jumla ya vekta mbili kwa pembe nyingine, hana budi kufuta na kuchora msambamba upya.

Kompyuta ndogo zilipoanza kuingia shuleni miaka ya 1980, wazo la Sutherland lilipata makao mapya. Huko Grenoble, Ufaransa, timu ya Jean-Marie Laborde ilitengeneza Cabri-géomètre. Nchini Marekani, Nicholas Jackiw alitunga The Geometer's Sketchpad, iliyotoka mwaka 1991. Mwanafunzi akivuta nukta moja kwa kipanya, umbo zima linaifuata.

Kisha Markus Hohenwarter wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, akaanza GeoGebra mwaka 2001 kama kazi ya shahada ya uzamili, akiunganisha jiometri na aljebra. Humo, ukiandika A=(3,2) kwa herufi kubwa unapata nukta; ukiandika u=(3,2) kwa herufi ndogo unapata vekta, mshale unaoanzia (0,0). Ongeza v=(1,4), kisha u+v: mshale wa tatu unafika (4,6). Sasa vuta ncha ya u taratibu kuelekea (-1,-4). Mshale wa jumla unafupika, unafupika, hatimaye unatoweka.

Kwa kuwa nguvu nayo ni vekta, hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini kitu kinachovutwa na nguvu mbili zilizo sawa na zenye mielekeo kinyume hakianzi kusogea. GeoGebra hutumika shuleni bila malipo, hata kwenye simu. Rula na penseli vibaki, lakini kila anayefundishwa vekta anastahili kuzisogeza kwa mkono wake.