Ukuta wa Hewa

Babu yangu alichoma kamongo kwa mkuki miaka mingi kabla sijazaliwa, na hata mikono ilipochoka aliendelea kutufunza kwa mdomo. "Nyakwara," aliniambia, "ukimchoma samaki pale unapomwona, utachoma matope. Lenga chini yake." Darasa la fizikia hakuwahi kuliona. Lakini alijua kwamba maji hupinda mwanga, na samaki huonekana juu kuliko alipo.

Wanasayansi wamekipa kila kitu kinachopitisha mwanga namba yake ya mpindo. Hewa ni karibu 1.00, maji 1.33, kioo cha kawaida kama 1.5. Mwanga ukivuka kutoka namba moja hadi nyingine, sehemu yake hurudi ulikotoka. Kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4. Kidogo, sivyo? Lakini lenzi ya kamera ina vioo kadhaa, na kila kimoja kina nyuso mbili. Weka vioo 4 bila kinga yoyote, na zaidi ya robo ya mwanga haifiki. Mwingine hubaki ukizurura mle ndani na kuchafua picha.

Nina picha moja iliyochafuliwa hivyo. Niliipiga hapa Usenge usiku, kwa simu ya bei ya chini, Babu akiwa kwenye mtumbwi karibu na taa ya omena. Taa inaonekana. Ukungu mweupe unaonekana. Uso wake hauonekani. Alifariki miezi michache baadaye, na sina nyingine ya karibu na hiyo. Wakati huo nilikuwa nishatoka chuo, karo imetushinda, kwa hivyo muda wa kuuliza nilikuwa nao: nani amewahi kupigana na mwanga huu?

Hadithi inaanzia kwenye kioo kizee. Mwaka 1886, Lord Rayleigh wa Uingereza aligundua kwamba kioo kilichofifia kwa umri kinarudisha mwanga kidogo kuliko kipya. Miaka michache baadaye Dennis Taylor, fundi wa lenzi mjini York, akaona hivyo hivyo: lenzi zilizofifia, ambazo wenyewe walidhani zimeharibika, zilikuwa zinapitisha mwanga zaidi. Umri ulikuwa umezivika ngozi nyembamba yenye namba ndogo, iliyokaa kati ya hewa na kioo kama ngazi.

Mwaka 1935, Alexander Smakula, mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi Zeiss kule Ujerumani, alipata njia ya kulipaka tabaka kama hilo makusudi. Mwaka 1938, Katharine Blodgett wa General Electric, Marekani, alilijenga kwa utando mmoja juu ya mwingine, kila mmoja una unene wa molekuli moja, hadi tando 44. Unene ukiwa robo ya urefu wa wimbi la mwanga, mwanga unaorudi juu na ule unaorudi chini hufutana.

Shida ni namba yenyewe. Kioo cha 1.5 kinataka tabaka la karibu 1.22. Magnesiamu floraidi, iliyozoeleka kwa miaka mingi, ni 1.38. Kushuka zaidi kunataka hewa: unatengeneza kitu kigumu chenye vitundu vidogo mno. Samuel Kistler alikuwa ameonyesha njia mwaka 1931, alipotoa maji kwenye jeli bila kuiacha isinyae. Ila kitu chenye vitundu ni dhaifu, na kikinywa unyevu, namba hupanda tena.

Leo vita viko ndani ya simu. Kihisi cha picha ni bamba la silikoni lenye mamilioni ya vijichumba, vingi havifiki hata mikromita 1 kwa upana. Juu ya kila kimoja kuna kichujio cha rangi. Mwanga ukiruka kwa jirani, rangi huchanganyika. Kwa hivyo wahandisi husimamisha kati ya vichujio kuta nyembamba zenye namba ndogo, nyingine zimejaa viputo vya hewa. Mwanga ukigonga ukuta huo kwa mshazari, hurudishwa kwake.

Watoto wa Usenge wanaujua ukuta huo. Piga mbizi, ufumbue macho, utazame juu kwa upande: uso wa ziwa umegeuka kioo cha kujitazamia. Mwanga umefika mpakani mwa hewa ukashindwa kutoka.

Nimejaribu kuisafisha picha yangu kwa programu zote ninazozijua. Uso haurudi. Mwanga ulioanguka pasipo pake hauokoteki.

Juzi binamu yangu alimpiga babake picha kwenye taa zile zile, kwa simu mpya zaidi. Makunyanzi yote yanaonekana, hadi kovu la ndoano kidevuni. Nilimwambia aende akaichapishe kwenye karatasi siku hiyo hiyo.