Datsun Nyekundu ya Mwaka 1973

Jumapili moja, nikiwa nyuma ya bodaboda kwenye Barabara ya Jinja karibu na Lugogo, niliona gari ambalo tangu utotoni nilikuwa nalijua kwa picha tu: Datsun 240Z, nyekundu, boneti yake ndefu imepakwa rangi nyeusi. Nilimwambia dereva asimame. Alidhani nimeangusha simu.

Wapenzi wa Ferrari watacheka. Datsun hii ni gari la Kijapani lenye viti viwili na injini ya silinda 6, ya lita 2.4. Lakini nyumbani kwetu hakuna gari lililolishinda. Babu yangu, fundi wa magari, alikuwa amekata picha yake gazetini na kuibandika ukutani juu ya redio. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe. Huo wekundu nilisimuliwa. "Huyu dereva ni kijana wetu," babu alizoea kusema, nami sikuelewa, maana mtu yule hakufanana na sisi.

Alikuwa Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945. Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Mehta alishika nafasi ya pili ndani ya 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyeendesha gari kama hilo hilo. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wanapewa siku 90 kuondoka. Mehta naye akahama, akaenda Kenya. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baadaye, alishinda Safari akiwa na msaidizi wake Lofty Drews. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kubana: alikuwa sare kwa pointi na Harry Källström wa Uswidi, na ikabidi kanuni ya kuamua sare itumike. Kisha akashinda tena miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Alifariki mwaka 2006.

Katika daftari langu la historia la sekondari, mwaka 1972 una mambo mawili: John Akii-Bua kupata medali ya dhahabu Munich, na Waasia kufukuzwa. (Sisi wa Kiswahili tunauongeza 1973, Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa.) Akii-Bua anastahili kila sifa. Lakini Mehta hayumo kabisa, na Wakenya wanapomhesabu kuwa wao siwalaumu, kwani ndio waliompokea.

Ninachodai ni kwamba hasara ya 1972 tumezoea kuipima kwa maduka, viwanda na mashamba ya miwa, yaani vitu ambavyo serikali za baadaye ziliweza kuvirudisha kwa wenyewe, au angalau kujaribu. Ushindi wa 1973 haurudishiki. Wala kazi ya babu. Gereji aliyojifunzia ufundi ilikuwa ya Mhindi mmoja. Mwenyewe alipoondoka, ikagawiwa mtu asiyejua hata spana, naye akauza vifaa vyote, na vijana wakatawanyika. Babu hazungumzii siku hizo. Alibandika picha ukutani, basi. Nadhani kwa wanahistoria wa rika langu picha kama hizo ni ushahidi, nasi tuwaulize wenye nazo wangali hai.

Pale Lugogo msongamano ulinisaidia. Kwenye usukani alikuwa mzee wa Kihindi, kofia kichwani. Nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kupiga picha kwa ajili ya babu yangu aliyekuwa fundi. Alinijibu kwa Luganda safi kuliko changu, akiuliza, "Jjajja wako alikuwa gereji gani?" Nilipomtajia, alitikisa kichwa, haijui. Magari yakaanza kusogea.

Babu aliitazama picha kwenye simu kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama nimeusikia mlio wa injini. Nilimwambia bodaboda yetu ilikuwa na kelele mno.