Dakika moja ya kimya, halafu kona inapigwa

Nimepotea wiki mbili, si mnajua tena, test zimefuatana na boom halijaingia. Leo nipo geto hapa Soweto, umeme upo, mlima umejificha kwenye mawingu, na kuna kitu kimenikaa rohoni tangu Jumamosi. Mnisamehe, leo nitachanganya diary na lekcha ya historia.

Jumamosi kulikuwa na mechi ya kombe la mtaa. Wanaokaa huku wanajua mambo yenyewe: mbuzi kafungwa kwenye mti, spika linapiga muziki, vumbi hadi kwenye meno. Kombe ni la kumkumbuka kijana aliyekuwa akicheza hapa hapa, akafariki. Tukasimama dakika moja ya kimya, hata watoto walinyamaza. Refa akapuliza. Dakika kama ya ishirini ikapigwa kona, roommate wangu, beki wetu wa kati, akaruka na kugongana kichwa kwa kichwa na mshambuliaji wao. Akalala pale chini, hatikisiki. Akamwagiwa maji usoni, akaamka, akauliza "tunashambulia upande gani?" Watu wakacheka, akarudi kucheza. Kipindi cha pili akafunga goli, tena la kichwa! Tukambeba juu juu. Usiku namwambia, aisee lile goli lako... akaniangalia tu. "Goli gani?"

Jamani, sikulala. Tumetoka kumheshimu marehemu, nusu saa haijaisha tunamcheka aliye hai.

Kila nikisikia dakika ya kimya namkumbuka Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC. Tarehe 4 Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, ligi ya vijana chini ya miaka 20, wanacheza na Mwadui. Akafunga goli, baadaye akagongana na mpinzani, akaanguka, akafariki. Miaka 19, umri wetu huu huu. Simleti hapa kama kesi ya kichwa. Namleta kwa sababu goli lake na kifo chake vipo kwenye mechi moja, na sisi mashabiki tulilia, tukasimama kimya, wiki iliyofuata tukaendelea na mpira kama kawaida.

Kwenye ngumi angalau hakuna anayebisha kwamba kichwa kinaumia. Ila mpira wa miguu? Hapo ndipo ubishi ulipo, na umeanza zamani.

Huko Uingereza kulikuwa na mshambuliaji wa West Bromwich Albion, Jeff Astle. Mwaka 1968 alifunga goli pekee la fainali ya Kombe la FA dhidi ya Everton, na alisifika sana kwa vichwa. Alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59 tu, akili ilishapotea, hajui kama aliwahi kucheza mpira. Novemba mwaka huo huo ofisa anayechunguza vifo akaamua kwamba alikufa kwa ugonjwa uliotokana na kazi yake, yaani kupiga mpira kwa kichwa miaka na miaka. Mwaka 2003 klabu ikamjengea mageti ya heshima uwanjani. Mazuri sana. Lakini familia yake haikuridhika na mageti, ilitaka majibu: je, na wenzake? Mwaka 2014 ubongo wake ukachunguzwa upya, ukakutwa na ule ugonjwa unaowapata mabondia na watu waliogongwa kichwa mara nyingi.

Ugonjwa huo huo Dk. Bennet Omalu, Mnigeria, aliukuta Marekani kwenye ubongo wa Mike Webster, nyota wa ule mpira wao wa mikono na helmeti aliyefariki 2002. Omalu alipoandika matokeo yake mwaka 2005, madaktari waliokuwa upande wa ligi walitaka andiko lifutwe. Webster mwenyewe alishaingizwa kwenye jumba la mashujaa tangu 1997! Mnaona wadau? Kumpa mtu sifa ni rahisi. Kukubali kilichomuua ndiyo kazi.

Mwaka 2019 watafiti wa Glasgow wakalinganisha wachezaji wa zamani 7,676 wa Scotland na watu wa kawaida. Wachezaji walikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kufa kwa magonjwa ya ubongo kuchakaa. Haki isemwe, magonjwa ya moyo yaliwaua wachache zaidi, kwa hiyo hakuna anayesema mpira uachwe. Na hawakuhesabu nani alipiga vichwa vingapi, ndiyo maana ubishi haujaisha. Ila mwaka 2021 wakaangalia namba: makipa hatari yao ilikaribiana na ya watu wa kawaida, mabeki ndio walioongoza, kama mara tano. Mabeki! Nikageuka kumwangalia mtu amelala kitanda cha pili.

Sheria nazo zimeanza kusogea. Tangu Julai 2024 shindano linaruhusiwa kuongeza sub ya ziada kwa aliyetikisika ubongo. Huku mtaani hatuhitaji hata hiyo, tunahitaji mtu mmoja tu wa kusema: wewe umezimia, leo basi.

Basi jana nikajifanya huyo mtu. Nikaenda kwa kamati, nikaomba aliyezimia asirudi uwanjani, na beki wetu asicheze nusu fainali Jumamosi hii. Mzee mmoja akaniambia mpira si wa mayai. Mwingine akakaa kimya, halafu akasema, "kombe lenyewe tumeliweka kwa ajili ya marehemu, tusije tukaanzisha la pili." Wakakubali.

Roommate kaenda kwa daktari leo asubuhi, kaambiwa apumzike mpaka kichwa kiache kuuma. Alikuwa hajamwambia mtu kwamba kinauma. Ameninunia, tangu jana hatuongei, anasema nimemwaibisha mbele ya timu. Sawa tu. Aninunie akiwa na miaka sitini, akinikumbuka jina.

Jumamosi tukutane uwanjani, njooni na maji ya kunywa, siyo ya kumwagiana. Ngoja nikasome, kesho test saa mbili.