Hesabu za Richardson: Kutoka Bwawa la Aswan hadi Kompyuta

Mwaka 1910, mwanahisabati Mwingereza Lewis Fry Richardson aliwasilisha kwa Royal Society ya London andiko kuhusu ukuta wa mawe wa bwawa la Aswan, nchini Misri. Alitaka kujua maji ya mto Nile yanaubana ukuta ule wapi, na kwa nguvu kiasi gani. Milinganyo ya fizikia ilikuwepo, lakini kwa umbo kama lile hakuna aliyeweza kuipatia jibu kamili.

Richardson akaugawa mchoro wa ukuta kwa miraba. Kila mistari ilipokutana aliweka namba ya kukisia, akairekebisha kwa kuipima na namba za jirani, na kuendelea hivyo mpaka zote zikatulia. Kazi yenyewe ya kukokotoa aliwapa vijana, akiwalipa kwa kila nukta; hesabu iliyokosewa haikuhesabiwa. Mmoja wa waliokuwa wepesi zaidi alifikisha wastani wa hesabu 2,000 kwa wiki.

Kisha akaigeukia hewa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibeba majeruhi kwa gari la wagonjwa huko Ufaransa, na alipopata nafasi alikokotoa, meza yake ikiwa rundo la nyasi kavu. Alichukua vipimo vya hali ya hewa ya Ulaya vya tarehe 20 Mei 1910, akajaribu kupata mabadiliko ya saa sita tu. Kazi hiyo ilimchukua karibu wiki sita. Jibu lilisema kanieneo ingepanda kwa milibari 145, ilhali siku ile haikubadilika sana. Hata hivyo, mwaka 1922 aliyachapisha yote kitabuni, kosa na hatua zake zote.

Uaminifu huo ulizaa matunda. Ilikuja kubainika kwamba hesabu zake kimsingi zilikuwa sawa. Vipimo vya upepo na kanieneo alivyoanzia ndivyo vilivyokuwa havilingani, vikazusha mawimbi ya uongo.

Palikuwa na mtego mwingine. Mwaka 1928 wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walithibitisha kwamba hatua ya muda haipaswi kuzidi muda ambao wimbi hutumia kutoka nukta moja hadi nyingine. Nukta za Richardson ziliachana kilomita 200 hivi, umbali ambao mawimbi ya kasi ya angani huumaliza kwa dakika kumi na kitu. Yeye alipanga hatua za saa tatu.

Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa Jule Charney na wenzake walitumia kompyuta ya ENIAC, Marekani, kwa milinganyo iliyokwisha kuondolewa mawimbi hayo. Utabiri wao wa saa 24 ukafanana kwa kiasi na hali halisi.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haitoshi. Wahandisi wa jukwaa la mafuta na gesi la Sleipner A, Norway, walikuwa na mashine bora zaidi kwa mbali. Lakini waliligawa zege kwa vipande vikubwa mno mahali palipohitaji vidogo, na programu ikapunguza nguvu za kukata ukutani kwa asilimia 47. Tarehe 23 Agosti 1991 kitako cha jukwaa kilipasuka kikiwa kwenye kina cha mita 65, kikazama. Baada ya ajali, uchambuzi wa kompyuta uliofanywa kwa uangalifu zaidi ulionyesha kingepasuka kwenye mita 62.

Kwa hiyo mwanafunzi wa uhandisi asiifungue programu kabla hajakadiria jibu kwa kalamu na karatasi, na mwalimu wake asimruhusu.